Sileji yangu iligeuka matope, sasa mume wangu anataka kuuza ng'ombe

BARUA

Jambo sana Muzee,

Mimi ni mama wa watoto sita, ninakaa Kabare, upande wa Mudaka, karibu na mji wa Bukavu huku Kongo mashariki. Tuna ng'ombe wanne: Bahati ambaye ndiye tunamkamua, Zawadi mwenye mimba atakayezaa Agosti, mtamba mmoja, na ndume wa miaka miwili na nusu ambaye baba watoto anamtunza kwa ajili ya mahari ya kijana wetu wa kwanza. Hatuchungi tena. Tangu vita vya mwaka 2025 nani atatuma ng'ombe mlimani na usiku alale usingizi? Wote wanakula zizini, na maziwa yanashuka Bukavu asubuhi na motari, mtu wa pikipiki, ndani ya bidoni, yaani dumu.

Masika hatuna shida. Bahati anatoa lita 8 kwa siku. Lakini kiangazi kikiingia, Juni, Julai, Agosti, majani yanaisha na mimi ninaanza kuomba kwa majirani. Julai iliyopita alishuka mpaka lita 3. Yule motari aliacha hata kupita kwetu, akasema petroli yake ina thamani kuliko kibidoni changu.

Siyo kwamba nilikaa bure. Watu wa mradi fulani walikuja kutufundisha ansilaji, sileji kama mnavyoandika ninyi, yaani kufukia majani mabichi pasipo hewa ili yaliwe kiangazi. Mafunzo yalikuwa asubuhi moja. Tulipewa soda na pesa ya usafiri, wakapiga picha, wakaenda. Mwisho wa Mei tukachimba shimo nyuma ya nyumba, mita 2 kwa mita 2, kina mpaka kifuani kwangu. Matete, majani yetu ya tembo, yalikuwa yamenipita urefu, mengine magumu kama mwanzi. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi tukaenda kukata. Vijana waliyakata na panga, vipande vya shibiri moja hivi. Tulijaza siku nne: jioni tunafunika na majani ya mgomba, asubuhi tunaendelea. Watoto walirukaruka juu ili kushindilia, ilikuwa kama sikukuu. Mwisho tukafunika na shitingi, turubai la plastiki, ya zamani, yenye matundu matundu, na udongo kidogo juu.

Tulifungua katikati ya Julai. Muzee, harufu ile ilikaa mikononi mwangu siku mbili, nikiosha na sabuni, nikisugua na majivu. Pembeni kulikuwa kweusi kunateleza, juu ukungu mweupe, katikati tu ndipo palibaki pahali padogo penye rangi ya kueleweka. Bahati alinusa akageuza kichwa. Zawadi alikula, akaharisha siku tatu.

Tangu siku hiyo shemeji yangu ananiita Mama Ansilaji mbele ya watu. Anasema baba zetu hawakulisha ng'ombe uozo. Baba watoto yeye hacheki, lakini ameamua kwamba kabla ya kiangazi tuuze Zawadi, pesa inunue chakula cha Bahati. Zawadi nilimnunua mimi, na pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana. Roho inaniuma.

Tulijaribu pia dreshi, yale machicha ya kiwanda cha bia, ila siku hizi kuipata ni bahati nasibu.

Tuna ari 15 za matete (ari moja ni mita 10 kwa 10), mistari ya nyasi za tripsakum ya kuzuia mmomonyoko, miti ya malisho ya kaliandra kwenye ukingo, na msimu huu tumepanda maharagwe na mahindi. Nichimbe tena ao niachane nayo? Na Zawadi nimwachie aende? Ninakuandikia sasa, mwisho wa Februari, nisije nikachelewa tena.

Mama Ansilaji, Kabare

JIBU

Mama,

Nimesoma barua yako mara mbili, na kilichonifurahisha zaidi ni tarehe. Wengi wananiandikia Julai, ng'ombe akiwa amebaki mbavu, na Julai sina la kuwaambia ila pole. Wewe umekuja Februari, mvua bado iko. Tuna nafasi.

Shimo lako la mwaka jana lilikwisha kuharibika kabla hamjatupa jani la kwanza ndani. Matete yaliyokupita urefu ni mazee. Yakiwa kati ya kiuno na kifua, mita 1 mpaka mita 1.2, yana majani mengi na protini inayokaribia asilimia 10. Yakiachwa yageuke mwanzi, protini inashuka mpaka 5 au 6. Ikishuka chini ya 7 hivi, wale vijidudu wa tumboni wanaomsaidia ng'ombe kumeng'enya wanakosa chakula chao wenyewe. Matokeo yake unayajua: tumbo limejaa, ng'ombe bado ana njaa, na kiwele kimelegea. Watu wanadhani shimo linapika majani mabaya yakawa mazuri. Halipiki kitu. Mkilifunga vizuri kabisa, bila kosa hata moja, mtatoa kile kile mlichoweka, kimepungua kidogo.

Kwa hiyo kazi yako ya sileji inaanza Machi, na bado haina jembe la kuchimba. Katika zile ari 15, chagua ari 10. Katikati ya Machi ziwe zimekatwa zote, uache kisiki cha kiganja kimoja kutoka chini, hata kama unaona uchungu kukata majani ambayo hujayahitaji. Yaliyozeeka mlishe ndume. Mwaga mbolea ya zizi kati ya mistari, na mkojo wa ng'ombe kama unaukinga. Kisha pafunge: mtu asiingie na panga humo mpaka katikati ya Mei. Wiki nane. Matete yatakuwa kifuani, laini, na ndiyo hayo tutakayofukia. Ari 5 zilizobaki pamoja na tripsakum ndizo zitawalisha kila siku. Tripsakum kata mapema, isije ikakomaa ikawa kamba.

Hujaniambia shamba lako linatoa kiasi gani, na mimi sitaki kukisia. Siku ya kukata pima kipande cha mita 1 kwa mita 1, kata, weka ndani ya gunia, tundika kwenye mzani wa sokoni. Ukipata kilo 3, ari moja itakupa kilo 300, na ari 10 tani 3. Ukipata kilo moja na nusu, mbolea ilikuwa kidogo, na ari 10 zitakupa tani moja na nusu tu.

Sasa ile siku yenyewe. Mlikata majani yenye maji ya mvua, mkayafukia yakiwa yanadondosha. Harufu iliyokaa mikononi ndiyo inayotoka hapo. Mama wa Kabare sihitaji kumfundisha mashanza, maziwa ya mgando: maziwa yale yale, kwenye chombo safi yanaganda na kuwa chakula, kwenye chombo kibaya yananuka na kumwagwa. Majani nayo yana vijidudu wa aina mbili. Wale wazuri wanapenda sukari na hawahitaji hewa. Wanatengeneza asidi, na asidi ndiyo inayolinda majani. Wale wabaya wanapenda maji mengi na udongo. Ninyi mliwatandikia kitanda hao wa pili.

Mei, kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza juani, geuza mchana. Kama wingu linatishia, yaingize chini ya paa, yatalala hapo usiku mmoja bila tatizo. Yakatekate, kisha chukua mkono mmoja wa vipande ukamue kwa nguvu. Maji yakitoka kati ya vidole, rudisha juani. Donge likifumuka palepale ukiachia, yamekauka mno. Unataka donge linalofunguka polepole na kuacha kiganja na unyevu kidogo tu.

Vipande vya shibiri moja ni kuni, mama. Ukipanga kuni, hewa inabaki katikati, hata uruke juu yake mpaka jioni. Urefu unaotakiwa ni kiungo kimoja cha kidole, sentimita 2 mpaka 3. Najua ni kazi ya kuvunja mgongo kwa panga na gogo. Hapa ndipo ile likelemba yenu ya pesa inaweza kuwa ya mikono: leo akina mama wote kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Fanyeni salongo, kazi ya pamoja, yenu wenyewe, maana kwa kazi hii siku nne ni nyingi mno. Kukatakata na kujaza ni siku moja: asubuhi mnaanza, jioni udongo uko juu. Kila usiku mliouacha wazi, majani yalipata joto na kula sukari yao yenyewe.

Na hiyo sukari matete hayana nyingi. Mahindi yanayo, matete hayana. Kila kilo 100 za matete nyunyizia kilo 5 za pumba za mahindi au unga wa muhogo wa bei ya chini, tabaka kwa tabaka, kama unavyotia chumvi. Vile viazi tamu vidogo ambavyo hakuna anayenunua, vilivyokatwakatwa, vinafanya kazi hiyo pia.

Shimo la mita 2 kwa 2, sahau. Kosa hili watu wa mafunzo hawalisemi, sijui kwa nini. Kwa ng'ombe wawili unatoa sileji kidogo kwa siku, lakini ukifunua uso mpana, hewa inakula usiku kucha yale ambayo hutayafikia kwa wiki nzima. Nakushauri mitaro miwili: upana sentimita 80, kina sentimita 80, urefu mita 4. Majani yaliyoshindiliwa kwa miguu yanafika kilo 450 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila mtaro utabeba kama kilo 1,150. Ukiwapa Bahati na Zawadi kilo 15 kila mmoja kwa siku, unakata kipande cha sentimita 10 kutoka upande mmoja, kama mkate, unarudisha shitingi, unaweka mawe. Kila siku uso ni mpya. Mitaro miwili inakwenda siku 76 hivi. Kutoka mwanzo wa Julai unafika katikati ya Septemba, mvua imerudi.

Mtaro wa kwanza ni wa matete, Mei. Wa pili uuache mtupu mpaka Juni. Mkivuna mahindi mabichi ya kuchoma, mashina bado ni ya kijani na yana sukari: yakate siku hiyo hiyo au kesho yake, uyafukie, hayahitaji hata pumba. Mashina yaliyokaukia shambani usiyapeleke huko. Na nikwambie ukweli, huo wa pili ndio ninaouamini zaidi. Kila mtaro uupe wiki sita za kukaa bila kuguswa.

Chimba juu ya mteremko, pasipopita maji, na mfereji mdogo kuzunguka. Tandika shitingi ndani pembeni pia, majani yasiguse udongo. Jaza tabaka la kiganja, wakanyage watu wazima, watoto wabaki na sikukuu yao kando, kisha pitisha pipa lililojaa maji kwenda na kurudi. Kidole kikiingia kirahisi, endelea. Jaza mpaka lundo lijikunje mgongo juu ya usawa wa ardhi ili maji yateleze. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua shitingi mpya. Tundu moja la ukubwa wa msumari linaharibu eneo la sinia. Juu yake udongo wa sentimita 30 au zaidi, na ukague nyufa kila baada ya mvua.

Lakini usinisadiki kabla hujaona. Machi hii, wakati unasafisha zile ari 10, chukua matete machanga ya pale kwenye ari 5, kilo 40 hivi. Yakatekate, yatie pumba, shindilia ndani ya mfuko mzima wa plastiki uliowekwa ndani ya gunia, toa hewa yote, funga shingo kwa mpira wa tairi, uweke mahali panya hawafiki. Fungua mwanzoni mwa Mei. Sileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea manjano, na inanukia uchachu mtamu, jamaa wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ikiwa nyeusi, inateleza, au ina ukungu, utakuwa umepoteza gunia moja, siyo kiangazi kizima.

Juni kabla ya kufungua mtaro, usiyachome mabaki ya maharagwe. Nikipita Kabare mwezi huo naona moshi kila upande wa kilima na moyo unauma, maana ni chakula kizuri kuliko nyasi kavu nyingi. Mkishapura, maganda na mashina yaliyo makavu kweli yapandishe kwenye uchaga chini ya paa, hewa ipite chini. Yakihifadhiwa yakiwa na unyevu yanapata joto, yanaota ukungu, na lundo kubwa linaweza hata kushika moto. Kaliandra yako nayo: kilo 3 mbichi zinafanya kazi ya kilo 1 hivi ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mpe Bahati ikiwa mbichi, kila siku kidogo. Dreshi ukiipata shukuru, lakini kumbuka zaidi ya robo tatu ya mzigo huo ni maji. Unamlipa mtu akubebee maji kutoka mjini. Afadhali maji ya chemchemi: ng'ombe wa lita 8 anayekula vikavu anahitaji bidoni tatu za lita 20 kwa siku, na bila hayo hata sileji ya mfalme haitapandisha maziwa.

Wazoeshe kwa wiki moja, anza na kilo 3 au 4. Bahati ale baada ya kukamuliwa, la sivyo maziwa yatabeba harufu na mteja wa Kadutu kule Bukavu atakurudishia bidoni. Zawadi mwenye mimba asipewe hata kipande chenye ukungu au udongo. Mwaka jana alipata kuharisha tu, kuna wanaotupa mimba. Na ukungu mwingine sumu yake inapita mpaka ndani ya maziwa wanayokunywa watoto wako.

Nimefika kwenye lile la kuuza, na ndilo gumu, kwa sababu linaingia ndani ya nyumba ya mtu. Hata nikikusaidia kufukia kila jani, ari 15 haziwatoshi ng'ombe wanne. Kuna mmoja wa kuuza. Siyo Zawadi, ambaye atazaa Agosti na kuanza kutoa maziwa wakati ambapo Bukavu nzima inayatafuta.

Ndume wa umri huo anakula kilo 40 hivi za majani mabichi kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 3,600. Mitaro yako yote miwili ikijaa ni kilo 2,300. Mtu mmoja zizini anakula kuliko ghala lote, na hatoi hata kikombe. Tena kila siku ya kiangazi anapungua uzito, kwa hiyo mahari mnayoitunza inayeyuka mbele ya macho yenu. Auzwe Mei, akiwa mnene na mvua ingali ipo. Agosti kila mtu anashusha ng'ombe waliokonda sokoni, na mnunuzi ndiye anayetaja bei. Oktoba, majani yakirudi, pesa hiyo itanunua ndume mdogo wa kuanza naye upya, au ibaki ikisubiri wakwe wataje siku. Kama harusi ni kabla ya Mei, basi hesabu hii ifute, aende na mahari yake salama.

Baba watoto usimwambie nimesema mimi. Mwanamume hapendi kusomewa gazeti kuhusu ndume wake. Azima mzani ule wa matete, na siku moja, kuanzia asubuhi mpaka jioni, mwombe yeye mwenyewe apime kila mzigo unaoingia kwa ndume. Akikaa chini na kuzidisha mara 90, mengine atayasema yeye.

Shemeji mwalike siku ya salongo, umpe pipa asukume.

Mei ukifungua ule mfuko niandikie: rangi, harufu, na kama Bahati amegeuza kichwa.